Simu ya Shangazi Haioni Karibu

Ukienda Kariakoo kununua simu, muuzaji hata hajakaa sawa umeshamuuliza: "Kamera megapikseli ngapi?" Naye anajibu haraka haraka, maana swali hilo anaulizwa kutwa nzima. Nane, kumi na tatu, hamsini. Ukisikia namba kubwa roho inatulia, unatoa mshiko, unaondoka zako. Ni wachache sana wanaouliza: "Kaka, lenzi ya hii simu inajirekebisha yenyewe au imegandishwa?"

Mimi nauliza, na najua wauzaji wengine wananiona mtu wa ajabu. Lakini msomaji wangu, swali hilo mwaka 2021 lilitaka kunivurugia amani ya ndoa, na lilikaribia kumeza akiba yetu ya shilingi milioni moja na laki nane. Ndiyo maana mwezi huu naomba tuliongelee, hata kama wewe na kompyuta ni mbalimbali.

Mimi na mume wangu wote ni watengeneza programu za simu. Kazi tunafanyia nyumbani, Sinza: meza moja, feni moja, watu wawili. Mashoga zangu huwa wananionea wivu, eti mume hatoki machoni. Nawaambia, shosti, jaribu kwanza kuishi na bosi, mfanyakazi mwenzako na baba wa watoto wako katika kiti kimoja, halafu ndiyo tuongee.

KWANZA TUELEWANE

Fokasi ni ile hali ya picha kutoka safi, bila ukungu. Ili kitu kionekane safi, lenzi inatakiwa ikae umbali sahihi kutoka kwenye kile kidude kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kitu kikisogea karibu, lenzi nayo inabidi isogee.

Kamera yenye otofokasi ina mota ndogo sana inayoisogeza lenzi mbele na nyuma mpaka picha itulie. Hii si teknolojia ya jana: kamera ya kwanza ya aina hiyo kuzalishwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977. Kamera yenye fokasi ya kudumu haina mota. Kiwandani wameifunga lenzi sehemu moja, wakachagua umbali ambao kuanzia nusu mita hivi hadi kule mbali kabisa, vitu vyote vitaonekana vizuri vya kutosha. Ukileta kitu karibu zaidi ya hapo, unapata ukungu tu, hata ugonge kioo cha simu mpaka kidole kiume.

Usidhani fokasi ya kudumu ni ya maskini peke yao. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa nayo, na ile ya 3G ya mwaka 2008 vilevile. Otofokasi ilikuja na iPhone 3GS mwaka 2009. Na kamera ya mbele, ile ya kujipiga selfi, iPhone ilianza kupewa otofokasi mwaka 2022 kwenye toleo la 14. Miaka yote hiyo watu wamepiga selfi na zikatoka safi. Kwa nini? Kwa sababu mkono wa binadamu una urefu wake, uso hauji karibu zaidi ya hapo. Umbali ukijulikana, mota haina kazi kubwa.

Kwa hiyo fokasi ya kudumu ni rahisi, haina kitu cha kuharibika, na iko tayari muda wote. Otofokasi inaona karibu, lakini inahitaji muda na mwanga ili ifikirie.

SHANGAZI NA MABOKSI YAKE

Shangazi yangu ana duka la dawa muhimu Mbagala. Huyu ndiye aliyenilipia ada ya chuo baada ya baba kufariki, kwa hiyo akiniita naenda, sina mjadala. Siku moja akanipigia simu usiku, sauti haiko sawa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo nimemuuzia mama mmoja dawa ya kikohozi ya mtoto. Kumbe imeisha muda miezi miwili iliyopita. Bahati yake amesoma kabla hajampa mtoto, akanirudishia. Mwanangu, silali."

Nilimwelewa. Duka dogo, maboksi mamia, tarehe zimeandikwa kwa maandishi madogo kama chawa. Nikamwambia mume wangu: tuna kazi. Tutengeneze programu ya simu ya maduka kama la shangazi. Unamulika boksi kwa kamera, programu inakuambia ni dawa gani, zimebaki ngapi na zinaisha muda lini. Akaipenda hapohapo. Tukalala saa nane za usiku wiki tatu mfululizo, kwa raha zetu.

Halafu tukaipeleka Mbagala. Kwenye simu ya mume wangu ilisoma boksi kwa sekunde. Kwenye simu ya shangazi, ile ya bei ya chini yenye kamera ya megapikseli 2 na fokasi ya kudumu, haikusoma kitu. Tulijaribu boksi la kwanza, la pili, la kumi. Ukungu mtupu. Shangazi akatuangalia kwa upole, akasema, "Labda simu yangu imezeeka kama mimi."

NYUMBA IKAWAKA MOTO

Mume wangu alikuwa na jibu lake. Unapoweka programu kwenye duka la Google Play, kuna faili ambalo unaandika inahitaji vitu gani. Ukiandika kwamba otofokasi ni lazima, mwenye simu isiyo nayo hataiona kabisa programu yako dukani. "Tuweke lazima," akasema. "Mtu akiipakua ikashindwa kusoma, anatupa nyota moja na kututukana. Na atakayepigiwa simu usiku ni wewe, mke wangu, si Google." Kwa maduka kumi ya kuanzia alitaka tununue simu za mtumba zenye otofokasi, laki na themanini kila moja. Piga hesabu: milioni moja na laki nane. Pesa yote ya msingi wa nyumba yetu Chanika.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na nilimwambia hivyo. Lakini nikamwambia pia: programu tumeiandika kwa ajili ya shangazi, halafu shangazi ndiye tunamfungia mlango? Na hao kumi tukiwanunulia simu, wa kumi na moja tutamnunulia kwa pesa ipi?

Basi ikawa noma. Wapenzi wanaofanya kazi pamoja wananielewa: ugomvi wa ofisini hauna pa kwenda, unalala nao kitanda kimoja. Yeye akawa anasema "wewe unaendeshwa na huruma." Mimi nikawa nasema "wewe unaogopa nyota moja kuliko mtoto kunywa dawa mbovu." Siku tatu tuliongea mambo ya chumvi na ada ya shule tu. Watoto walikuwa wanatuangalia kwa zamu kama wanaangalia mpira.

Jumapili shangazi akaja kutusalimia. Hakuletwa kuamua kesi, maana kesi yenyewe hakuijua. Amekaa sebuleni, mwanangu mdogo akamletea boksi la dawa ya minyoo amsomee limeandikwa nini. Shangazi akalishika, akalisogeza mbali, mbali, mpaka mkono ukanyooka wote, akakunja uso, akaanza kusoma.

Nikamwangalia mume wangu. Naye alikuwa ananiangalia mimi.

Jicho la binadamu nalo lina otofokasi yake. Ndani kuna lenzi laini inayobadilika umbo ili uone karibu. Kadiri umri unavyokwenda lenzi hiyo inakakamaa, na wengi wetu tukishapita miaka arobaini tunaanza kusogeza gazeti mbali. Shangazi ana miaka hamsini na nane. Yeye na simu yake wana tatizo moja. Na shangazi ana dawa yake: akishindwa kuona karibu, anakisogeza kitu mbali.

TUKACHUKUA RULA

Usiku ule tulikaa meza moja tena, tukaacha kubishana nani ana roho nzuri. Tukapima.

Simu ya shangazi ilianza kuona safi kwenye sentimita 45. Picha yake ina pikseli 1,600 kwa upana, na kamera ya namna hiyo inaona eneo la nyuzi 60 hivi. Maana yake, kwenye sentimita 45 inaona upana wa sentimita 52, na kila milimita inapata pikseli 3 tu.

Sasa angalia ile mistari myeusi na myeupe kwenye boksi, wataalamu wanaiita msimbomilia. Ile ya kawaida yenye tarakimu 13 ina upana wa milimita 37 na ushee, na mstari wake mwembamba kabisa ni milimita 0.33. Kwa mbali ule, mstari huo unapata pikseli moja. Simu haiwezi kuutenganisha na jirani yake. Ukisogea hadi sentimita 10, mstari unapata pikseli zaidi ya 4, lakini hapo lenzi ya shangazi ni ukungu mtupu. Yaani mbali ni ndogo mno, karibu hakuna fokasi. Hata kama tungekuwa mafundi wa dunia nzima, kwa simu ile msimbomilia ule usingesomeka.

Lakini nani alisema lazima tusome mstari wa kiwandani? Kuna msimbo wa QR, ule wa vimraba, uliobuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave ya Japani. Mdogo wake kabisa una vimraba 21 kwa 21. Ukiuchapa kwa sentimita 3, kila kimraba kinakuwa na milimita 1.4, mara nne ya ule mstari mwembamba. Kwenye sentimita 45, kila kimraba kinapata pikseli 4. Inasomeka bila wasiwasi, mkono ukiwa umenyooka, kwa fokasi ya kudumu.

Tamu zaidi ni hii. Msimbomilia wa tarakimu 13 unasema ni bidhaa gani tu. Namba zikianza na 620 ujue zimesajiliwa Tanzania, 616 ni Kenya, 890 ni India. Tarehe ya kuisha muda haimo. Lakini ule msimbo mdogo wa QR, hata ukiuwekea kinga ya juu kabisa dhidi ya kuchafuka na kuchanika, unabeba tarakimu 17. Kumi na tatu za bidhaa, nne za mwezi na mwaka wa kuisha. Zimeingia zote kama nguo ya fundi.

Tulichapa stika steshenari ya jirani, 24 kwa karatasi moja, na chini ya kila msimbo tukaweka tarehe kwa maandishi makubwa, ya kusomwa na jicho la shangazi bila miwani. Gharama yote ilikuwa shilingi elfu tisini na sita. Msingi wa Chanika haukuguswa.

NA MUME WANGU JE?

Alikuwa na haki yake pia, na naiandika hapa kwa sababu atasoma. Mzigo mpya ukifika kutoka kwa muuzaji wa jumla, haujabandikwa stika. Mtu lazima asome ule msimbomilia mdogo mara ya kwanza, na hapo otofokasi ndiyo yenyewe: simu nyingi zenye nayo zinaona safi mpaka karibu na sentimita 10. Kwa mwenye fokasi ya kudumu tukaweka njia ya kuandika tarakimu 13 kwa mkono, zipo chini ya mistari. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja programu inakukatalia hapohapo.

Kisha tukaenda Mbagala saa moja na nusu jioni, umeme hafifu, taa moja. Simu ya mume wangu yenye otofokasi ikaanza kuhangaika: lenzi mbele, nyuma, mbele, nyuma, inatafuta fokasi gizani. Ya shangazi ikasoma stika papo kwa papo, maana haina cha kutafuta. Mume wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Shangazi akauliza, "Kwani simu yako mbovu, baba?"

KWA WEWE UNAYETENGENEZA PROGRAMU

Najua kuna vijana wengi siku hizi wapo kwenye fani hii, na wengine mnasoma jarida hili kwa kujificha ili mjue mambo ya mapenzi. Chukueni na haya:

1. Usiulize ipi bora, uliza mtumiaji wako yuko umbali gani na kitu anachokimulika. Kitu kidogo na cha karibu, otofokasi. Umbali usiobadilika, fokasi ya kudumu inatosha kabisa.

2. Usiandike otofokasi ni lazima kama kuna njia ya pili. Andika ni hiari, halafu programu ikifunguka iiulize simu yenyewe. Kwenye Android unauliza umbali wa karibu kabisa wa fokasi. Ukijibiwa 0, lenzi imefungwa. Ukijibiwa 10, inaona mpaka sentimita 10.

3. Omba picha kubwa. Ukichukua picha ndogo ambayo simu inakupa bila kuombwa, unazitupa pikseli ambazo ungezihitaji.

4. Ukiwa na otofokasi na umbali haubadiliki, unaweza kuifunga lenzi pale unapotaka, isihangaike. Unakuwa na faida za pande zote mbili.

5. Kamera ya mikutano ya kazini haihitaji makuu. Uso wako uko sentimita 50 hadi 70 kutoka kwenye kompyuta, muda wote. Fokasi ya kudumu iliyotengenezwa kwa umbali huo itakuonyesha vizuri, na haitacheza kila ukirusha mikono. Otofokasi inunue kama kazi yako ni kuonyesha vitu vidogo mbele ya kamera.

6. Jaribu kwenye taa ya mteja, si kwenye taa yako.

NA KWA WEWE UNAYEPENDA

Kupanga ni kuchagua, wazee walishasema. Lakini mkiwa wawili, kabla ya kuchagua mnatakiwa mpime. Sisi siku tatu tulipima nani ana huruma na nani ana akili, na kipimo hicho hakuna aliyewahi kukishinda ndani ya nyumba. Rula ilipotoka, dakika arobaini zilitosha, na kila mmoja akaona mwenzake alikuwa ameshika kipande cha kweli.

Toka hapo tuna sheria moja ya nyumba. Jambo la kazi likituchoma, haturuhusiwi kusema "wewe siku zote" wala "wewe huwa." Unaruhusiwa kusema namba, au unaruhusiwa kwenda kuangalia kwa anayehusika. Ukishindwa yote mawili, nenda kaoge, maongezi yataendelea kesho. Sheria hii tumeihamishia mpaka kwenye bajeti ya chakula na ratiba ya kwenda ukweni, na nakuhakikishia inafanya kazi.

Shangazi siku hizi anamulika maboksi yake kila Jumamosi, mkono umenyooka, kanga begani. Dawa ikibakiza siku tisini inaandikwa kwa rangi nyekundu, anaisogeza mbele iuzwe kwanza, na iliyoisha muda haikai tena kwenye rafu. Maduka mengine yameomba programu hiyohiyo, na wengi wao wana simu kama yake.

Leo usiku, msomaji wangu, chukua boksi la majani ya chai, lisogeze sentimita kumi mbele ya simu yako uone. Likitoka safi, una otofokasi. Likiwa ukungu, usiitukane simu yako wala aliyekununulia. Nyoosha mkono tu.